Mwalimu Aliyefunika Namba

Mtoto wa darasa lake hakugusa kalamu kabla namba hazijafunikwa. Mwalimu wa P4, darasa la nne, aliandika swali zima ubaoni, maneno yote, halafu kila penye namba alibandika kipande cha boksi la sabuni kwa ugali uliolala. Vipande hivyo alivikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni na kuvitunza ndani ya kopo la maziwa. Akishamaliza kubandika, anajipangusa mikono kwenye kitenge na kuwageukia watoto.

"Nani iko ndani?"

"Mama mumoja!"

"Anafanya nini?"

"Anachota maji!"

"Anapeleka fasi gani?"

"Nyumbani!"

"Sasa madumu yake yanaongezeka ao yanapunguka?"

Hapo ndipo watoto walipoanza kubishana. Mmoja anasema yanaongezeka kwa sababu mama anarudi kisimani mara ya pili. Mwingine anasema hapana, jirani amemwomba dumu moja. Mwalimu anawaacha wabishane mpaka hadithi iwaingie vichwani, kisha anabandua vipande kimoja kimoja. Namba zilipotokea, kazi ilikuwa karibu imekwisha.

"Namba ni mugeni," alikuwa anasema. "Hausalimie mugeni mbele ya mwenye nyumba."

Mimi nilikuwa mwenye ufunguo wa kabati la tableti. Shirika moja lilikuwa limeleta shuleni kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tableti ishirini na paneli ya sola, likatafuta mtu wa kuzichaji, kuzifuta vumbi na kuwasaidia walimu. Mimi nilikulia kambini na nilikuwa nimetoka kusoma kozi fupi ya kompyuta Mbarara, basi wakanichukua. Mwalimu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Fundi, tangu siku ya kwanza, na kwa miaka minne tuliyofanya kazi pamoja nilikuwa Fundi hivyo hivyo.

Siku hiyo ya kwanza aliipokea tableti kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea bakuli la uji wa moto. Niliwasha somo. Sauti ya mwanamke ikaanza kusoma swali kwa Kiingereza, haraka haraka, kuhusu matofaa na gari la moshi. Mwalimu alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Swali lilipokwisha akaniuliza, "Huyu mama anakimbizwa na nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alitaka kujua kweli.

Kesho yake niliingia darasani nikakuta amebandika vipande vya boksi kwenye vioo vya tableti zote ishirini. Kwa ugali. Nilitaka kulia. Nilizikusanya, nikazifuta moja moja kwa kitambaa chenye maji kidogo, yeye akiwa amesimama pembeni yangu bila aibu hata chembe.

"Mwalimu, hii ni mashini. Ugali utaiua."

"Sasa namba nitafunika na nini?"

Nikamwambia ninaweza kutengeneza kurasa zetu wenyewe ndani ya tableti. Namba itajificha nyuma ya kisanduku cha rangi, mtoto akikigusa itatokea. Hakuniamini. Jioni nikamletea ukurasa mmoja. Akagusa kisanduku kwa ncha ya kidole, saba ikatokea. Akagusa tena, saba ikajificha. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Kumbe iko na haya!"

Tangu siku hiyo, masomo yakiisha tulikuwa tunabaki mimi na yeye kwenye dawati la mbele. Yeye anatunga, mimi naandika. Tuliacha kazi pale ng'ombe wa Banyankore, wenyeji wa eneo hilo, walipokatiza uwanja wa shule kwenda kunywa maji, maana vumbi lao lilikuwa linaingia mpaka kwenye kabati. Matofaa aliyakataa. "Nani hapa amekula hiyo?" Alitaka mahindi, madumu, samaki wa ziwa, mabenchi ya kwaya, vitenge vya harusi. Majina ya watoto wa darasa letu hakuyatumia hata siku moja. Aliwahi kuyatumia zamani, mtoto mmoja akawekwa katika swali la mayai yaliyovunjika, wenzake wakamwita Mayai muhula mzima. Mwalimu alinisimulia jambo hilo mara tatu, na kila mara aliona haya upya.

Msidhani alikuwa mpole. Mtoto akisikia nusu ya swali na kupayuka "Kujumlisha!" au "Kutoa!", alipelekwa kusimama mlangoni. Kubahatisha kulimuudhi kuliko kukosea. Watoto walikuwa wamejifunza, sijui kwa nani, kuvizia neno moja na kuruka juu ya namba. Yeye akawaambia, "Mutu anakuelezea shida yake, weye unamuangalia tu mufuko!" Wengine walilia. Wazazi wawili watatu walikuja kulalamika, akawakalisha kwenye dawati na kuwapa swali moja lenye namba zilizofunikwa. Hawakurudi.

Lakini mwanamke huyu aliyewahubiria watoto subira, yeye mwenyewe hakuwa nayo. Kisimani aligombana na kila aliyekuwa mbele yake. Kanisani alisema Amina kabla mchungaji hajafika mwisho wa sala, na mchungaji, mtu wa Fizi, Kongo, mwenye sala ndefu, alikuwa anafungua jicho moja kumtazama. Ukimweleza habari yoyote nje ya darasa, alimalizia sentensi yako, na mara nyingi aliimalizia vibaya. Nilimwambia siku moja, "Mwalimu, mbona watoto unawakataza?" Akafikiri kidogo. "Mu darasa niko mwalimu," akasema. "Hapa inje niko mutu."

Kiingereza kilimtesa. Utaratibu wa Uganda ni kwamba kuanzia P4 masomo yote ni kwa Kiingereza, na yeye alikuwa amesoma na kufundisha kwa Kifaransa huko Kivu ya Kusini, Kongo. Aliniandikisha maneno kwenye daftari, na asubuhi nilikuwa namsikia akiyatamka peke yake nyuma ya choo cha walimu. Siku moja swali la tableti liliuliza, baada ya mbuzi kadhaa kuuzwa, how many are left? Neno left Mwalimu alilijua. Alilijua kutoka barabarani, kwa watu wa boda: left ni kushoto. Akawachorea watoto boma, mbuzi wengine upande wa kulia, wengine upande wa kushoto, darasa zima likahesabu mbuzi wa kushoto. Tableti ikakataa jibu. Wakahesabu tena. Ikakataa tena.

Msichana mmoja wa Kinyankore, mtoto wa mwenye duka, akainua mkono. "Mwalimu, left ni kubaki. Mbuzi wenye walibaki."

Mimi nilijifanya ninatafuta waya. Mwalimu alifuta boma lake taratibu, akaendelea na swali jingine. Asubuhi yake, kabla ya sala, aliwasimamisha watoto wote. "Jana nilibadanganya. Sikujua, lakini nilijionyesha kama najua. Ile ni kubahatisha." Akaenda mwenyewe kusimama mlangoni. Alisimama pale muda wote ambao mtoto angesimama, na watoto hawakuthubutu hata kukohoa.

Sasa nifike kwa Nabintu.

Nabintu alikuja shuleni katikati ya muhula, akiishi na bibi yake upande wa Juru, humo humo kambini. Alikuwa na miaka kumi hivi, mkimya, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Siku hiyo tulikuwa tunatumia masomo ya shirika yenyewe, si yetu. Swali lilisema watu kumi na wawili walipanda basi, watano wakashuka njiani, wamebaki wangapi? Watoto waligusa saba, tableti zikaimba wimbo wake wa pongezi. Ya Nabintu haikuimba. Alikuwa ameandika kumi na mbili.

Mwalimu akachutama pembeni ya dawati lake. "Nielezee, mama. Batano balifanya nini?"

"Balishuka."

"Sasa mu basi kunabakia bangapi?"

"Kumi na mbili."

"Namna gani?"

"Tulibangojea," Nabintu akasema.

Watoto wa nyuma wakacheka. Mwalimu aliinua mkono bila kugeuka, wakanyamaza. Akaifunika tableti ya yule mtoto kwa kiganja chake kizima, akasema twende wote inje, tukaimbe.

Mchana alikwenda kwa bibi, akaniambia nimsindikize. Bibi alieleza kwa maneno machache huku akichambua maharage. Walikimbia kwa lori. Mahali fulani lori likasimama, watu wakashuka kutafuta maji, mama yake Nabintu na kaka zake wawili wakiwa miongoni mwao. Risasi zikasikika. Dereva aliwasubiri kadiri alivyoweza, kisha akaondoa gari. Nabintu alikuwa amekaa nyuma kabisa, akiangalia barabara.

Tulipofika shuleni Mwalimu akasema, "Fundi, fungua kabati."

Kazi aliyonipa ilituchukua wiki nzima. Tulipitia maswali yote, ya shirika na ya kwetu, na kila penye watu wanaoondoka, wanaoshuka, wanaopungua, tukaweka kitu kingine. Abiria wakawa magunia. Wanafunzi wakawa vikombe. Na Jumatatu akalitangazia darasa sheria mpya, kwamba watu hawatolewi: "Mu darasa yangu, batu habatolewi. Tutatoa mbuzi, tutatoa mahindi, tutatoa hata mabenchi ya kanisa. Batu hapana."

Watoto waliifurahia sheria hiyo. Waliilinda kuliko yeye. Mtoto akitunga swali lenye mtu anayeondoka, wenzake wanapiga kelele, "Batu habatolewi!" Na Nabintu alianza kuinua mkono.

Wiki chache baadaye msimamizi wa mradi alikuja kutoka Mbarara. Alikuwa kijana mwenye adabu, Munyankore, mwenye kofia na pikipiki ya shirika. Alifungua tableti, akasoma, akafungua nyingine.

"Nyabo, mama, nani amebadilisha hii masomo?"

"Miye," Mwalimu akasema. Mimi nilikuwa tayari kufungua mdomo, akanikanyaga mguu.

"Lakini hii hapana yetu. Sisi tunapima watoto na ile maswali. Shule zote maswali ni moja. Wewe ukibadilisha, mimi nitapima nini?"

"Pima batoto. Beko pale."

"Mama, mimi naelewa. Lakini huko kwa mtihani hakuna mtu atawaonea huruma. Swali la watu litakuja."

"Likuje."

"Basi mimi naandika ripoti. Wakisema tableti ziende shule ingine, usikasirike na mimi."

"Andika, mwanangu," Mwalimu akasema, na akamletea chai. Kijana aliinywa, wakaongea habari za mvua, akaondoka. Nilikasirika sana. Nilimwambia Mwalimu tunaweza kupoteza kila kitu kwa ajili ya maswali machache. Akanijibu kwamba mimi sikuyaona macho ya Nabintu, yeye ndiye aliyechutama pale.

Jibu la ripoti halikuwa limefika wakati wa mtihani wa mwisho wa muhula. Ulitungwa na walimu wa shule kadhaa, na swali la nane lilikuwa hili: watu thelathini walikuwa kanisani, wanane wakatoka, wamebaki wangapi? Tulisahihisha pamoja, mimi nikimsomea majibu. Karatasi ya kwanza, swali la nane tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu, tupu. Mtoto wa mwenye duka, bingwa wetu, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa chini ya nafasi ile: BATU HABATOLEWI.

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Walijua kutoa, wote. Walimtii.

"Nimebafunga," Mwalimu akasema. "Fundi, nimebafunga batoto bangu."

Nikaendelea kusoma. Karibu na mwisho wa rundo nikasita. Nabintu alikuwa amejibu ishirini na mbili.

Mwalimu aliichukua karatasi mkononi mwangu. Asubuhi alimwita mtoto pembeni. Nilikuwepo, nikigawa tableti.

"Nabintu, hapa batu banane balitoka."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na weye ukabatoa?"

"Balitoka kanisani," Nabintu akasema, kama mtu anayemweleza mtoto mdogo. "Balirudi kwabo. Beko bazima."

Mwalimu alirudia maneno hayo polepole, beko bazima, akamshika mtoto bega, kisha akamwachia aende kucheza. Siku hiyohiyo aliniomba nimtafutie boda. Alikwenda mpaka ofisi ya shirika, kule kunakoitwa Base Camp, akiwa amevaa kitenge chake cha Jumapili, nami nikimfuata kwa boda ya pili. Msimamizi alikuwa amefika hapo siku hiyo. Aliposimama kumsalimia, Mwalimu hakungoja.

"Mwanangu, ulikuwa na haki. Nusu."

"Nusu, Mama?"

"Batu batatoka. Batoto banapashwa kujua. Lakini swali itasema beko wapi. Mutu hawezi kushuka tu mu barabara bila fasi. Miye sitafundisha ile."

Kijana akavua kofia, akakuna kichwa. Aliniangalia mimi, nikaangalia chini. "Sasa mama, wewe unataka niandike nini?"

"Andika hivi: batano balishuka Biharwe, bakaenda kwa shangazi yabo, akabapikia matoke."

"Matoke ni lazima?"

"Kama ni Biharwe, ni lazima."

Akacheka mpaka akakaa. Yeye mwenyewe, kumbe, alizaliwa Biharwe. Alituruhusu kuongeza sentensi moja kwa kila swali, moja tu, na tableti zilibaki kwetu mpaka mradi ulipokwisha, kama miradi inavyokwisha. Sentensi hizo alizitunga Mwalimu kwa wiki mbili. Abiria walishuka Ngarama kwa sababu ya soko. Wanakwaya walitoka kwenda kunywa maji na walisikika wakicheka nje. Wanafunzi walihama shule, na barua yao ilifika. Nabintu alipolikuta lile swali la basi tena, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Alisoma habari ya shangazi na matoke, akaisoma tena, akagusa saba. Tableti ikaimba. Hakutabasamu wala nini. Alipangusa kioo kwa kiwiko na kwenda kwenye swali lililofuata.

Baada ya mradi nilihamia Mbarara, nikapata kazi katika duka la kutengeneza simu na kuchapa karatasi. Nilimpigia Mwalimu mara moja moja. Alikuwa anamalizia sentensi zangu hata kwenye simu.

Mwaka huu jirani yake alinipigia, akasema: Mwalimu amefanyiwa upasuaji wa macho hapa mjini, jicho la kwanza, na hawamruhusu kurudi Nakivale bila mtu wa kumchukua. Ametoa namba yako.

Nilimkuta kwenye benchi la hospitali, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Bandeji ilikuwa imetoka asubuhi hiyo hiyo. Aliniambia kwamba macho yalikuwa yameanza kumdanganya muda mrefu, tatu ikawa nane, nane ikawa sifuri, hivyo darasa akampa mwalimu kijana. "Anakimbia mingi," akasema, "lakini batoto banamupenda. Ijumaa ninakwenda kukaa nyuma. Sisemi kitu." Nikamwangalia. "Ninasema kidogo," akakubali.

Nesi akaja na karatasi. "Huyu mama anaenda na nani?"

"Na mimi," nikasema.

"Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni mwanafunzi wake."

"Usimudanganye nesi," Mwalimu akasema kutoka kwenye benchi. "Huyu ni mwalimu wangu. Alinifundisha mashini na Kingereza. Miye nilikuwa muzito, alinivumilia."

Nesi alitutazama mmoja baada ya mwingine, kalamu hewani. "Sasa nani mwalimu, nani mwanafunzi?"

Akaandika alichoandika, nikatia sahihi, akatueleza habari ya dawa ya matone.

Tulitoka nje kwenda kutafuta gari la Isingiro, njia ya Nakivale. Kwenye ngazi Mwalimu alisimama, akanishika mkono, akatazama barabara. Kisha akaanza kusoma. Alisoma bango la duka la dawa, herufi kwa herufi. Akasoma la saluni. Akasoma la fundi viatu, la wakili, la wauza mbegu, kwa sauti, kwa Kiingereza chake, na watu waliokuwa wanapita wakageuka. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa moja tu kazini, na saa ilikuwa imekwisha. Nilipunguza mwendo, asikose hata bango moja.